Gari Isiyoshika Moto

Gari ilifika chini ya muteremko, karibu na daraja ya miti, ikasimama bila kuwaka. Muke wangu alikuwa kiti cha nyuma, muguu wake mubaya umenyooshwa juu ya kiti, umefungwa kitenge. Ukungu ulikuwa haujapanda. Bunduki zilisikika upande wa kilima cha kanisa, na hazikuwa mbali tena. Barabara ya kushuka Sake ilijaa watu wenye magodoro kichwani na mbuzi kwenye kamba. Mama mumoja alibeba sufuria ya maharagi yaliyokuwa bado yanatoa moshi. Wanamoto, wale wenye pikipiki, walikuwa wamepita zamani na familia zao.

Wanaume wa jirani njo walitusukuma kutoka juu. Mumoja aliinama kwenye dirisha langu akihema.

"Papa, hapa muteremko umeisha. Hakuna kwa kuisukumia tena."

Nilizungusha ufunguo. Batri ilikohoa kidogo, ikanyamaza. Harufu ya esanse, yaani petroli, ilijaa ndani mpaka muke wangu akafunika pua.

"Hii imekunywa mpaka imezama," mwingine akasema. "Iko kama mulevi wa siku ya soko. Huwezi kuiamsha."

Kisha kitu kikapita juu ya vichwa vyetu na sauti ya kupasua kitambaa, na wale wanaume wakaondoka bila kuaga. Siwadai kitu. Wale ninaowadai nitawataja mumoja mumoja, mwisho wa maneno haya.

"Baba watoto, imekataa?" muke wangu akauliza.

"Imekataa."

"Basi unifungulie mulango."

Watu wakiniuliza siku gani ilikuwa mubaya kuliko zote, wanangoja niseme siku ya kaburi. Hapana. Ni pale nilipomufungulia mulango muntu asiyeweza kutembea, ili atembee. Yaliyokuja nyuma yalikuwa kazi tu, na kazi muntu anafanya.

Mimi ni muntu wa Mushaki. Shule ya primaire sikuimaliza, kwa hiyo mutanisamehe namna ninavyoandika. Babu zetu walilima kilima kile kile tunacholima, viazi na maharagi, na upande wa chini kuna majani ya ng'ombe za wengine. Baridi yetu inajulikana. Asubuhi, hata mwezi wa jua, wazee wanavaa makoti ya mupira na kofia za sufu, na muntu anayetoka Goma na shati moja anaanza kututukana kabla hajashuka kwenye gari.

Muke wangu alitoka mbali, upande wa Walikale, kwa watu wa pori. Alipanda huku kijana, akajifunza baridi, akajifunza kuuza fromaji, jibini ya kwetu, kando ya barabara, akawa muntu wetu. Kwao alibakiza mudogo wake wa kiume, ambaye ni shemeki yangu, anayekaa Hombo na kuuza mafuta ya mawese. Yule shemeki alioa kwa mbuzi na ng'ombe za mahari ya dada yake. Kwao na kwetu pia, kijana aliyeoa kwa njia hiyo ana deni kwa dada mpaka mumoja wao afe. Dada akiugua, yeye njo anaamuka wa kwanza.

Na dada aliugua. Sukari ilimula vidole vya muguu, daktari akavikata, kidonda kikabaki hakitaki kufunga. Kutoka mulango wa nyumba mpaka jikoni alienda kwa fimbo. Mpaka barabarani alibebwa. Na sisi tunakaa mahali ambapo kila muntu anajua kwamba siku moja ao nyingine ataamuka na kukimbia. Watu wa kwetu hawaulizani kama itatokea. Wanaulizana: nani atamubeba mama?

Kwa hiyo shemeki alileta gari. Aliitoa Hombo, akapita Bukavu, akaipandisha boti mpaka Goma, na siku moja, kabla ya misa ya mchana, tukaona inapanda kwetu, nyekundu ya zamani iliyochujuka ikawa rangi ya tofali. Watoto walikimbia nyuma yake. Shemeki alishuka na miwani ya jua kwenye ukungu.

"Dada," akasema, "nimekuletea miguu."

Muke wangu alilia na kucheka. Alisema, "Mudogo yangu, hii miguu inakula nini?"

"Esanse kidogo tu. Na nimekutengenezea. Kule Walikale ilikuwa inachemka kama sufuria ya sombe, joto lile na matope yale. Sasa fundi wangu wa Hombo amemaliza ile maneno. Haitashika moto tena. Mutapanda na kushuka huku, hautaona moshi wa radiateri hata siku moja."

Alisema kweli. Ile namukubalia. Barabara ya kutoka Sake mpaka kwetu ni mupando ambao unatesa magari. Utayakuta kwenye kona, kofia ya moteri wazi, dereva na kopo la maji anangoja radiateri ipoe, abiria wamekaa kwenye majani wanakula mahindi ya kuchoma. Yetu ilipita. Shindano la moto kwenye tablo, ule mushale unaomuonyesha dereva joto la moteri, lilikuwa limelala chini, halikuinuka hata tukifika juu tumejaa viazi. Madereva waliosimama walikuwa wananipigia kelele:

"Papa, hiyo yako inakunywa barafu?"

"Iko imebatizwa!" nilikuwa najibu, na muke wangu anawapungia mukono kama bibi ya gavana.

Hakuna aliyeona ubaya. Kwetu gari ambayo haichemki kwenye mupando ni gari ya sifa. Hata leo ukienda Mushaki ukasema gari yako inakaa baridi kupita kiasi kama muntu anayelalamika, watakuuliza kama umekunywa pombe ya kasiksi tangu asubuhi.

Taabu ilianza na asubuhi. Gari haikutaka kuwaka. Ilizunguka na kuzunguka mpaka batri ikachoka, na ikiwaka ilitoa moshi mweusi unaofunika ukuta wa jirani. Muke wa jirani alinilipisha kwa maneno, kwa sababu alikuwa ameanika mashuka. Hapo nikafanya kama wenye magari ya zamani wote wa kwetu wanavyofanya: jioni unalaza gari kwenye muteremko, uso wake kuangalia Sake, jiwe chini ya gurudumu. Asubuhi unatoa jiwe, inashuka, unatia vitesi, yaani gia, inaruka mara moja, mbili, inawaka. Ukipita Mushaki jioni utaona zote zimelala vile, kama ng'ombe zinazoangalia mulango wa zizi.

Na esanse. Ilikuwa inakunywa. Kushuka Sake kumufungisha muke wangu kidonda na kurudi, ile iliyokuwa inatosha gari nyingine kwenda mara mbili, yetu ilimaliza kabla hatujaona nyumba.

Nilimupigia shemeki simu. Akasema bila kufikiri: "Ni yule mama anayewauzia. Anachanganya na maji."

Yule mama aliuza esanse ya bidoni, ya madumu ya plastiki, karibu na barrière, pale askari wanapofunga njia, ameipanga kwenye meza, yenye rangi ya chai. Mimi sikutaka kumutukana muntu, lakini siku ile nilikuwa na dereva mumoja wa camion, yaani lori, muntu mwenye mudomo, na nilikuwa nimemuambia maneno ya shemeki. Akamuendea mbele ya watu.

"Mama, unabatiza esanse? Papa huyu gari yake inakufa kwa sababu yako!"

Mama hakuinuka kwenye kiti. Alichukua chupa ya kioo, akamimina esanse, akaiweka juani juu ya meza.

"Tungoje," akasema.

Tukangoja. Watu walikusanyika. Esanse ilibaki moja tu, juu mpaka chini, hakuna mustari, hakuna kitu kilichotulia chini.

"Angalia, dereva. Maji iko wapi?" Akamuangalia toka viatu mpaka kofia. "Labda iko mu kichwa yako. Inamisha kidogo tuone kama itatoka."

Watu walicheka mpaka askari wa barrière akacheka. Basi haikuwa esanse. Niliendelea kununua kwake, na mpaka leo tunasalimiana.

Nikaanza kutafuta kwa mikono yangu. Nilitoa bujie, zile zinazotoa moto mudogo ndani ya moteri. Zilikuwa nyeusi kama chini ya sufuria, masizi makavu, na mbili zilikuwa na majimaji ya esanse. Nilizisugua kwa brosi ya waya, nikazichoma kidogo jikoni, nikazirudisha. Asubuhi ile gari iliwaka kama mupya. Juma lililofuata zikawa nyeusi tena. Nilipiga filtri ya hewa kwenye jiwe, ikatoka vumbi yote ya barabara ya Rubaya. Hakuna kilichobadilika. Niliinua magurudumu moja moja nione kama frein, ile breki, inashika, yalizunguka bure. Nililala chini ya gari nikinusa kila mupira kama mbwa. Hakuna mahali inapomwagika. Kwa hiyo esanse yote ilikuwa inaenda ndani ya moteri, na moteri ilikuwa inaitaka. Mpaka pale nilikuwa nimefika. Kwa nini inaitaka, sikujua.

Fundi wa Sake, muntu muzima mwenye kovu kwenye kidevu, alisafisha karbirateri, mahali esanse inachanganyika na hewa, akaniuliza tunalaza gari wapi.

"Mushaki."

"Ah, Papa. Baridi ile? Magari yote ya huko yanakataa asubuhi. Hata mimi nikilala Mushaki ninakataa asubuhi."

Tukacheka, nikapanda. Sikumuambia kuhusu shindano lililolala, kwa sababu muntu hapeleki sifa kwa fundi. Unapeleka ugonjwa.

Siku moja tukirudi kutoka kidonda, mvua ya mawe ilipiga, muke wangu akawa anatetemeka. Akaniomba ile hewa ya moto ya gari. Niliifungua. Ilileta hewa baridi kama ya nje.

"Hii gari haina roho," akasema.

"Ina miguu."

"Miguu bila roho ni ya meza."

Nilifikiri chombo cha hewa ya moto kimekufa, basi. Nikamupa koti langu. Siku ile gari ilikuwa inatuambia yote, na hakuna aliyekuwa ametufundisha neno hata moja la lugha yake.

Esanse ikatushinda. Tukaanza kuruka safari. Kidonda ambacho kilipaswa kufungwa kila juma kikangoja, na kikanuka. Lakini bidoni moja sikuigusa. Ilikaa chini ya kitanda chetu, imefungwa kwa nailo, kwa ajili ya siku ya kukimbia. Muke wangu alikuwa anaigonga kwa fimbo yake kila akilala, asikie kama imejaa.

Siku yenyewe ilikuja na ukungu, nimeshaisema. Nilimimina bidoni yote. Nilitoa jiwe. Gari ilishuka, nikatia vitesi, ikaruka, ikatoa moshi mweusi, ikanyamaza. Nikatia tena. Muteremko wetu ni murefu, lakini una mwisho, na mwisho wake ni daraja.

Nilimubeba mugongoni. Alikuwa muntu muzito, na hakutaka kunishika shingo asinikabe, kwa hiyo aliteleza, na ule muguu ukaburuta. Kitenge kilifunguka sijui wapi. Mbele kidogo vijana wa kanisa letu walitengeneza kipoyi kwa miti miwili na blanketi, wakamupokea. Tulipofika chini, kwenye barabara ya mawe ya volkano, nilimufunika muguu na sikutaka kuangalia. Yeye aliuliza tu kama nilifunga gari na ufunguo.

"Nilifunga."

"Vizuri. Tutarudi tuichukue."

Muguu ulioza ndani. Walimukata kwenye goti, kisha hawakuwa na mahali pengine pa kukata. Alikufa kambini, chini ya bashi, turubai ya wakimbizi, mvua inanyesha. Risasi haikumugusa. Kwa hiyo wanaohesabu waliouawa na vita hawamuhesabu. Wanasema: yule mama alikufa na sukari.

Kwetu muke akifia kwa bwana, watu wa kwao wanakuja kabla matanga haijavunjwa. Wanakaa kwenye mukeka upande mumoja, watu wa bwana upande mwingine, wazee katikati, na mukubwa wa upande wa muke anauliza mbele ya wote: mulimufanya nini muntu wetu? Bwana anajibu. Hata kama wote wanajua, anajibu. Mukeka wetu ulitandikwa kwenye matope ya kambi, na shemeki njo aliuliza.

"Shemeki, nilimuachia dada yangu gari. Nilimupa miguu. Ilikuwaje akabebwa kama muzigo wa viazi?"

Nilijibu kwamba gari ilikataa.

"Ilikataa, ao ulishindwa kuitunza? Mimi niliitembeza Walikale yote, matope mpaka hapa. Haikunikataa."

Watu walinung'unika upande wao. Wazee wakasema nitoe mbuzi ya kutuliza maneno, nikaazima kwa rafiki nikaitoa. Shemeki aliipokea. Alikula.

Barabara ilipofunguka nilipanda. Gari ilikuwa pale pale karibu na daraja. Walikuwa wametoa batri, magurudumu, viti, hata kioo cha ndani. Moteri ilibaki, kwa sababu ni nzito. Nikamuita fundi wa Sake aje aiangalie, labda atainunua, na yeye akaifunga magurudumu ya kuazima, akaivuta mpaka kwake. Alifungua mahali ambapo maji yanatoka moteri kwenda radiateri, akatia kidole ndani, akakizungusha.

"Papa, kalorsta iko wapi?"

"Ni kitu gani?"

Aliniletea kimoja kutoka gari iliyokufa. Kadogo, kanajaa mukono, kako kama kifuniko chenye sipringi. Akanieleza pole pole, bila kuringa. Asubuhi kale kanafunga njia, maji yanabaki ndani ya moteri mpaka yapate moto, kisha kanafungua. Kakitolewa, maji yanazunguka radiateri tangu mwanzo, na mahali pa baridi kama kwetu moteri haipati moto kamwe. Na katika gari ile, moto wa maji njo unaiambia karbirateri kwamba asubuhi imeisha, sasa upunguze esanse.

"Kwa hiyo hii yako, Papa, ilikuwa asubuhi siku nzima. Inakunywa ya asubuhi saa sita, inakunywa ya asubuhi saa kumi. Esanse inajaza bujie masizi. Bujie zikijaa masizi, haiwaki. Ni ugonjwa mumoja, si mbili."

Alikaweka kale mahali pake, akasugua bujie, akaleta batri yake. Iliwaka na moshi mweusi, tukangoja. Niliona shindano likiinuka toka chini, pole pole, mpaka katikati, na kusimama pale. Moshi ukaisha. Aliizima, tukaiacha ilale usiku ule kwenye baridi, na asubuhi iliwaka mara ya kwanza alipogusa. Ilisikika vizuri sana. Nilimuomba aizime.

Nilipiga simu Hombo.

"Shemeki, kale kadude ka maji kalienda wapi?"

"Kadude gani? Ah, kale! Fundi alikatoa. Alisema ni ka Wazungu, ka baridi ya Ulaya. Hapa Afrika hakana kazi."

"Na Mushaki iko Ulaya?"

"Ilikuwa inachemka, shemeki. Radiateri ilikuwa imejaa matope, na kuifungua yote ingechukua siku nyingi. Nilikuwa na haraka nimuletee dada."

"Ulituambia imetengenezwa."

"Ilikuwa haichemki!"

"Ulituambia nini imetolewa?"

"Dada yangu aliuawa na vita. Usinibebeshe vita."

Akakata.

Basi nawataja. Wa kwanza ni wale waliopanda na bunduki kwenye kilima cha kanisa, na wakubwa wao waliowatuma, wanaokula vizuri leo. Wanajijua. Wa pili ni fundi wa Hombo, mwenye garage ya mabati ng'ambo ya daraja ya kule kwao, aliyeona radiateri imejaa matope akatoa kitu kizima. Wa tatu ni shemeki yangu, aliyejua, akapandisha gari ile kwenye baridi na mudomo umefungwa, kisha akakaa kwenye mukeka akaniuliza mimi.

Walio na bunduki hawatakuja nikiwaita. Nawadai hata hivyo. Lakini Hombo kuna njia, na boti inafanya kazi.

Wazee walioniketisha wako hai. Watandike mukeka ule ule. Shemeki apande, amulete na fundi wake, wakae upande niliokaa mimi, na mimi nitauliza kama nilivyoulizwa, mbele ya wote. Mbuzi sitaki. Nataka wajibu: mulitoa kitu kwenye miguu ya muke wangu, kwa nini hamukutuambia?

Nangoja jibu.